Ndeshi na Jani Lisilokataliwa

Watu wa Tengeru wakikuambia kwamba Ndeshi alizaliwa dairekta, usiwaamini. Ni hao hao waliokuwa wakimwona akipita na begi la kamera begani, wakasema binti wa Agnela amekosa kazi ya maana. Leo kila mmoja anadai alimjua mapema: huyu alimbeba mgongoni, yule alimpa ndizi mbivu, mwingine alioteshwa ndoto. Ndivyo tulivyo binadamu, na Wameru nao si malaika. Ukweli ni kwamba Ndeshi alikuwa mtoto wa kwanza wa muuza ndizi wa soko la Tengeru. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za kuridhisha, akawa anasubiri nafasi katika chuo cha mifugo, na katika kusubiri huko ndipo alipoharibika. Kuharibika ni neno la mama yake, na alilitumia kwa miaka mingi bila kulipumzisha.

Aliharibikia kwenye sendofu, ile sherehe ya kumwaga bibi harusi, ya binti wa jirani, pale Usa River. Mpiga video alikuwa Singasinga mmoja wa mjini Arusha aitwaye Jasdeep, mtu mnene mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mshehereshaji. Msaidizi wake hakutokea siku hiyo. Jasdeep akatazama huku na huku, akamwona msichana mrefu asiye na kazi, akamkabidhi taa.

"Shika hapa, mwanangu. Nikienda, na wewe twende. Usinimulikie miguu ya watu."

Ndeshi akashika, na kwa muda mrefu alikuwa mtiifu. Kisha ndafu ikaingia, yule mbuzi mzima wa kuokwa na majani yake mdomoni. Muziki ukapamba moto, vigelegele vikapanda, kamera ikamgeukia mbuzi, na taa ya Ndeshi ikaenda kwingine kabisa. Ilikwenda pembeni mwa turubai, alikosimama baba wa bibi harusi peke yake, akifunga na kufungua kifungo kile kile cha koti huku macho yamemlowa. Jasdeep alifungua mdomo amkaripie. Halafu akaona alichokiona Ndeshi, akafunga mdomo, akageuza kamera.

"Jumatatu njoo dukani," alimwambia walipokuwa wakikunja nyaya.

Duka lenyewe lilikuwa ghorofani, kwenye mtaa wa nyuma ya Soko Kuu, ambako ukoo wa Jasdeep ulikuwa ukipiga picha za pasipoti tangu enzi za mikanda ya kusafishwa gizani. Ndeshi alikaa pale miaka. Alipiga harusi, vipaimara, mahafali na misiba, kuanzia Kikatiti mpaka Ngaramtoni, na kama uliolewa upande huu wa mlima katika miaka hiyo, basi yumkini aliyekuambia ufute jasho puani kabla ya kulishwa keki ni yeye. Kwa Jasdeep alijifunza mambo mengi ya mashine, ambayo mengi yamekwisha kupitwa na wakati. Kuna moja ambalo halikupitwa. Mzee yule hakuwa na desturi ya kutangaza kwamba kamera imeanza. Alikuwa akijifanya anafuta kioo kwa leso, anakohoa, anauliza habari za mvua, kumbe kamera imekwisha kuwaka zamani.

"Ukiwaambia tayari, wanakufa wote," alikuwa akisema. "Mtu akijua anapigwa, anavaa uso wa kitambulisho."

Mama yake hakuelewa. "Kufuata harusi za watu!" alikuwa akimpigia kelele katikati ya mikungu ya ndizi, na soko zima likisikia. "Ya kwako utaifuata lini?"

"Mama, nikiolewa mimi, nani atapiga video?"

"Mjibu mama yako vizuri!"

Aliolewa baadaye, kimya kimya na bila video, lakini hiyo ni habari nyingine. Habari yetu ni kwamba sinema ilikuwa imemwingia kwenye damu. Kila alipomaliza kuunganisha harusi ya watu kwenye kompyuta ya dukani, alibaki akichezea vile vipande visivyotakiwa: shangazi anayeosha sufuria huku akiimba peke yake, watoto wawili wanaogombania kiti, bwana harusi anayepiga miayo. Alivipanga hivi, akavipangua, akavipanga vile. Siku moja Jasdeep alisimama nyuma yake, akatazama mpaka mwisho, akamwambia waziwazi kwamba pale dukani hana tena cha kumfundisha. Ndeshi alilia siku hiyo, na hakuona haya.

Akaenda Dar es Salaam. Kule walimwita Chuga, kwa jina la mtaani la Arusha kwao, wakampa ubao wa kugonga kabla ya kila onyesho, wakamtuma chipsi. Miaka miwili aligonga ubao kwenye sebule za kukodi zenye makochi ya rangi ya dhahabu, ambako waigizaji walizabana vibao kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kila tajiri alikuwa na mke wa pili asiyejulikana. Alipowauliza kwa nini hakuna anayetengeneza sinema ya kwao Arusha, walicheka. Arusha ni ya watalii, walisema, nenda ukapige pundamilia. Ndeshi alimeza. Mtu aliyewahi kugombezwa na kamati ya harusi ya Kichaga hatishwi na kicheko. Usiku alikuwa akiandika kwenye chumba chake cha Sinza, feni ikipiga kelele juu ya kichwa, na alichokiandika kikawa hadithi ya ndugu wawili wa mteremko wa Meru. Akaiita *Mfereji wa Juu*.

Ndugu hao wanalima bega kwa bega, wakinywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja. Mdogo anaugeuza mfereji kwa siri, shamba la mkubwa linakauka, uhasama unaingia, na kwa sinema nzima hawasemeshani. Mwishoni mdogo anatubu. Anakuja kwa kaka yake na jani la isale.

Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao kila Mmeru na kila Mchaga ameukuta mipakani mwa mashamba na kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea. Husemi mengi. Naye hana njia: anapokea, na kesi inakufa hapo. Watu wamewahi kusamehe damu kwa jani hilo.

Ndeshi aliyajua hayo tangu ananyonya. Ila kule Sinza, mbali na migomba, aliona kwamba sinema yake ingekuwa na uzito usio wa kawaida kama yule kaka mkubwa angelitazama jani, akageuka, akaenda zake. Kukataa kisichokataliwa! Kila aliyesoma alishika kichwa. Aliyeshika kichwa zaidi ni Rodrick, kijana wa watu wa Machame aliyezaliwa na kukulia Dar, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitafuta sinema za kuonyesha mtandaoni.

"Mwisho huu utaua watu, dada Ndeshi," alisema. "Tunaichukua. Ila mwisho usiguswe."

Basi Ndeshi akarudi nyumbani kama dairekta. Ilikuwa sinema yake ndefu ya kwanza na alikuwa amevuka arobaini. Alijua kabisa kwamba milango ya namna hiyo haifunguki mara mbili kwa mwanamke wa Tengeru. Akichemsha hapa, atarudi kwenye keki na ndafu mpaka magoti yamchoke.

Alipotafuta waigizaji, hakuwataka wa mjini. Aliwataka wazee wawili walionuniana, maana kununa kwa kweli hakuna shule inayokufundisha. Na kununa kulikuwapo, tena kwa kuiva. Mzee Abdiel alikuwa muuza nyama mstaafu, mpenda kofia na mpenda kuonekana. Mzee Thomasi alifuga ng'ombe wa maziwa na kuimba sauti ya nne kwaya. Walikuwa marafiki wa chanda na pete mpaka siku ya mavuno, waumini walipotoka ibadani na vile vilivyotolewa sadaka vikanadiwa nje ya kanisa kama ilivyo ada. Akanadiwa jogoo. Abdiel akamtaka, Thomasi akapanda dau. Abdiel akapanda, Thomasi akapanda tena, huku watu wakishangilia, mpaka Abdiel akashindwa mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe zake, mbele ya watu wote waliowahi kununua nyama kwake. Thomasi akamchukua jogoo kwa miguu, akampungia. Tangu hapo mmoja alihamia mabenchi ya kulia, mwingine ya kushoto, na salamu ikafa.

Ndeshi aliwafuata kila mmoja nyumbani kwake. Hakumwambia huyu kwamba amemchukua na yule. Walipokutana siku ya kwanza ya kazi, kando ya mfereji juu ya Tengeru, walitazamana kwa chuki safi kabisa, na wakati huo Ndeshi alikuwa akifuta kioo kwa leso, akiuliza habari za mvua. Kamera ilikuwa inaenda. Kipande kile kimo ndani ya sinema hadi leo.

"Umetuchezea, binti," Thomasi alisema baadaye.

"Shikamoo, baba," Ndeshi alijibu, na hapo ugomvi ukakosa pa kushika.

Wazee waliigiza kama waliozaliwa wakifanya hivyo. Abdiel alikuwa na kero moja tu, kila siku akimuuliza kameramani Lemburis kama kofia inaonekana yote. Kazi ilikwenda vizuri, ikavuka wiki, ikabaki siku ya mwisho na onyesho la mwisho, lile la jani. Kamera nzuri iliyokodiwa ilitakiwa ipande basi la Dar kesho yake alfajiri. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kukalia bega la mlima. Rodrick alikuwa amepanda kutoka Dar kuja kuuona mwisho wake kwa macho yake, na jana yake alikuwa ameingia mbele ya kamera akiongea na simu, akakanyaga mche wa mgomba. Ndeshi alimfokea mbele ya watu wote, akamwita mtoto wa mjini asiyejua hata anakula nini. Rodrick alikuwa na heshima zake, lakini lilimkaa moyoni.

Wakapangwa. Thomasi, aliyeigiza mdogo, akachuma isale pale pale mpakani mwa shamba, akalifunga fundo kwa vidole vya mkamua maziwa, akavuka mfereji. Akasema maneno yake. Akanyoosha mkono.

Abdiel akapokea.

"Kata!" alisema Ndeshi. "Baba Abdiel, hapa unakataa."

"Ah. Nimesahau."

Wakarudia. Abdiel akapokea.

Mara ya tatu Ndeshi alimwomba afunge mikono nyuma ya mgongo. Akaifunga. Thomasi akaja, jani likanyooshwa, na mikono ya Abdiel ikatoka nyuma ya mgongo yenyewe, ikapokea. Watu walikuwa wameanza kucheka. Ndeshi hakucheka, maana mwanga ulikuwa unaondoka na mvua ilikuwa inanukia.

"Baba, kuna nini?"

Abdiel alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya karibu na kamera. "Binti yangu, kwenye hii sinema umenifanya mkali, nimekubali. Umenifanya nimfukuze mke wa mtu na fimbo, nimekubali. Lakini kukataa isale, hapana. Hilo sitaliweza."

"Ni mchezo tu, baba."

"Mimi najua ni mchezo," alisema Abdiel. "Jani linajua?"

Rodrick ndiye aliyesogea, na hakuwa mjinga hata kidogo, alikuja na dawa mkononi. Akasema lichukuliwe jani la muhindi lifungwe fundo. Kwenye kompyuta watalirekebisha rangi, na hakuna mtu Dar, Nairobi wala London atakayejua tofauti. Wakamtazama Abdiel. Mzee akafikiri, uso ukamfunguka.

"La muhindi nitalikataa hata ukitaka mpaka kesho," alisema. "Leteni."

Basi mambo yakawa yamekwisha. Mtu akakimbilia mahindi. Ndeshi alipaswa kushusha pumzi, na badala yake alijisikia vibaya mno. Alikuwa anamtazama Thomasi. Mzee yule bado alisimama kando ya mfereji na isale lake lile lile, halijabadilishwa tangu mara ya kwanza, akilikaza fundo upya. Mara tatu alikuwa amelipeleka. Mara tatu lilipokelewa, na mara tatu dairekta akasema kata, akamrudishia. Ndeshi akaona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Huyu mtu hakuwa akiigiza. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, na mimi, Ndeshi alijiambia, mimi mtoto wa Meru, nimekuwa nikiukatisha.

Tena aliona jambo la pili, nalo lilimuuma kwa namna nyingine. Mwisho ule aliuandika kwa ajili ya watu waliomcheka. Alitaka washike vichwa, na walishika. Lakini akina mama wa soko la Tengeru wangelitambua jani la muhindi hata likipita kwenye picha kwa kufumba na kufumbua, na wangemtambua na yeye.

"Tunabadilisha," alisema. "Anapokea."

Rodrick akamvuta pembeni, chini ya migomba, lakini kila mtu alisikia. "Dada Ndeshi, tulikubaliana. Drama iko kwenye kukataa. Akipokea, ni hadithi ya shule ya Jumapili. Ukiubadilisha mwisho, kampuni inajitoa, na mimi sitakutetea."

"Ndugu yangu, hawezi kukataa."

"Ni mzee mmoja na imani zake! Mtu yeyote anaweza kukataa jani."

Ndeshi alimtazama. Akaenda mpakani, akachuma isale, akalifunga fundo taratibu, kama mama yake alivyomwonyesha zamani. Akarudi, akasimama mbele ya Rodrick, akainamisha kichwa kidogo.

"Rodrick," alisema, "jana nilikudhalilisha mbele ya watu. Wewe ni mgeni wangu na mimi ni mkubwa kwako, haikunipasa. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Akanyoosha jani.

Hakuwa anacheza, na Rodrick aliliona hilo. Alitabasamu kwanza, kama mtu aliyegundua mtego. Akatia mikono yote miwili mfukoni, akatazama pembeni. Wapishi waliacha sufuria. Lemburis aliacha kamera yake, jambo ambalo Ndeshi alimgombezea baadaye. Jani lilikaa hewani. Kijana yule hakuwa amelala Machame zaidi ya Krismasi chache, hakujua Kichaga cha kuombea hata maji, na angekuapia kwamba mila si habari zake. Mkono wake wa kulia ukatoka mfukoni. Aliutazama ukienda, kwa mshangao, kana kwamba ni wa mtu mwingine, na ukalipokea jani.

"Bibi yangu wa Machame," alisema. Hakumalizia. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye jani. "Haya. Fanya unavyojua, dada. Nitasema nao huko Dar."

Watu wakapiga makofi. Ndeshi hakupiga. Alikuwa tayari ameshuka mferejini akifuta kioo kwa leso, akikohoa, akimuuliza Mzee Abdiel kama anadhani mvua itafika kabla ya jioni. Abdiel alisema itafika. Alisema anaisikia kwenye goti. Na alipokuwa bado anaeleza habari za goti lake, Thomasi akavuka maji bila kuambiwa na mtu.

Maneno ya kwenye skripti aliyaacha yote ng'ambo.

"Abdiel," alisema. "Yule jogoo sikumhitaji. Nilikuwa nao nyumbani, wengi. Nilitaka tu watu waone nimekushinda. Nimekaa na jambo hili, na wewe ndiye niliyezoea kukuambia mambo yangu."

Akanyoosha jani.

Sasa tazama kinyongo cha mwanadamu. Yule Abdiel ambaye mara tatu mikono yake ilikimbilia jani la sinema, safari hii hakupokea mara moja. Safari hii lilikuwa la kwake. Aligeuza uso, akatazama maji ya mfereji yakipita, akatazama kwa muda mrefu. Lemburis alimgeukia Ndeshi kwa macho, akiuliza. Ndeshi hakusema kata. Matone ya kwanza yalianza kugonga majani ya migomba, na bado hakusema. Abdiel akanyoosha mkono, akalichukua jani, akaliweka ndani ya koti upande wa moyo. Kisha mvua ikawamwagikia wote, na wazee wawili wakabaki wamesimama wameshikana mikono, kofia ikichuruzika maji, mwenye kofia hana habari nayo.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ndeshi alivuna. Jina la Abdiel na habari za jogoo alizibakiza kama zilivyo. Kwa bahati, ndugu wale wa kwenye hadithi walikuwa hawajaitana majina hata mara moja, maana walikuwa hawasemeshani, na majirani waliwaita kwa majina ya watoto wao. Palihitajika jogoo tu, apite mara mbili tatu mwanzoni mwa sinema, na jogoo si kitu cha kukosa Tengeru. Mhariri wa Dar alimsihi apunguze ule ukimya wa Abdiel, akasema watazamaji watalala. Ndeshi akamjibu kwamba akipunguza hata kidogo watagombana, na atakapokuja kuomba msamaha, asije na jani la muhindi.

Rodrick alipigana vita vyake kwenye ofisi zao, akashinda. Sinema ikaonyeshwa Dar, ikatunukiwa, na wale wa makochi ya dhahabu wakampigia Ndeshi simu wakimwita mama. Ikaonyeshwa Arusha mjini. Jasdeep alibebwa kwenye kiti mpaka ukumbini, kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka, akatazama mpaka mwisho, akamwita Ndeshi amwinamie. "Sikuona mahali kamera ilipoanza," alimwambia. Kwa Ndeshi tuzo ilikuwa hiyo, ile nyingine ya kioo aliwapa watoto waiweke juu ya friji.

Lakini aliyoiogopa ilikuwa Tengeru. Dar wangeweza kudanganywa na mji ungeweza kuwa na adabu. Watu wa soko wana tabia ya kuondoka katikati, wakisema kwa sauti kwa nini wanaondoka. Walichagua Jumamosi, soko likianza kulegea, kwenye ukumbi wenye ukuta mweupe. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Watu walijaa hadi mlangoni, na vikapu vyao, na watoto wao, na kuku mmoja au wawili waliokosa mnunuzi. Wazee wa sinema waliketi safu ya mbele, Abdiel na Thomasi bega kwa bega, wakigawana karanga. Agnela alikaa katikati ya wenzake wauza ndizi, amejifunga kanga mpya. Ndeshi alisimama nyuma kabisa karibu na mashine ya kurushia picha, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alijuta kwa nini hakusomea mifugo.

Hakuna aliyeondoka. Walimzomea mdogo mtu alipougeuza mfereji, walimsonya mke wa kaka, walicheka palipochekesha na pengine pasipochekesha. Wakafika kwenye jani. Thomasi akavuka maji ukutani, akasema yake, akanyoosha mkono, na Abdiel wa ukutani akageuza uso.

Ukumbi ukaacha kutafuna. Ukimya ukakaa, ukaendelea kukaa, ule ukimya wote aliokataa kuupunguza, na Ndeshi akajisemea kwamba yule mhariri alikuwa na haki, wamelala, nimewapoteza. Ndipo sauti ya mwanamke ikapasuka katikati ya giza.

"Pokea, baba!"

Aliijua sauti ile. Ilikuwa imemwita kutoka kwenye mikungu ya ndizi maisha yake yote. Na kabla hajapata hata pa kushika, wauza ndizi wote wakaichukua, kisha wauza nyanya, kisha ukumbi mzima, watu wamesimama juu ya mabenchi, wanaunyooshea ukuta mikono, wanausihi, "Pokea! Pokea! Mzee, pokea!" Mama yake alikuwa mbele ya wote, kanga imemdondoka mabegani, analia machozi, anambembeleza mtu asiyekuwapo.

Abdiel alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akainuka pale safu ya mbele, kofia yake ikatupa kivuli kikubwa ukutani, akawageukia watu wa kwao na mikono yake yote miwili juu.

"Jamani, tulieni!" alipaza sauti. "Napokea!"

Na nyuma yake, juu ya kivuli cha kofia, mkono wake ukanyooka.